Nimelipia Dunga ya Mwinyi Mkuu, nikauziwa "jumba la Sultani"

Mimi si mtu wa kuandika maoni mitandaoni, lakini hili limenikaa kooni tangu siku ile. Tulilipia ziara ya nusu siku: shamba la viungo, kisha magofu ya jumba la Dunga, hapa Unguja, njia ya kwenda Chwaka. Shambani sina neno, iliki na mdalasini tulinusa mpaka pua zikachoka. Ila mimi nilifuata Dunga. Nikamchukua na bibi yangu, mzaliwa wa Makunduchi, aliyekua akiwasikia wazee wakimtaja Mwinyi Mkuu kama mtu anayemtaja babu yake.

Hatujamaliza kushuka garini, kijana anayetutembeza anawaambia wageni: "Hili ni jumba la Sultani."

Sultani yupi? Sultani wa Kiomani alikuwa mjini! Hapa alikaa Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, na jumba alilijenga kati ya 1846 na 1856, wakati Waomani wameshaushika mji na bandari. Utamu wa Dunga ndio huo: kisiwa kimoja, wakubwa wawili. Mmoja ana majahazi na mizinga, mwenzake ana watu wa mashamba, na anamkusanyia yule wa kwanza kodi yake.

Hayo hatukuyasikia. Tulisikia damu. Damu ya watumwa kwenye chokaa, mifupa kisimani, damu tena. Sikatai, hadithi hizo zipo na hata mimi nimekua nazo. Lakini dakika ishirini nzima? Malkia Fatuma, mtawala wa Unguja aliyechukuliwa Maskati baada ya Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanguka 1698 kwa sababu alisimama na Wareno, hakutajwa. Siwa, baragumu la enzi, haikutajwa. Ngoma za Mwinyi Mkuu hazikutajwa.

Nikauliza kwa adabu: "Samahani kaka, na cheo chenyewe cha Mwinyi Mkuu kiliishaje?"

Akacheka. "Sista, wageni hawataki majina, wanataka msisimko. Kama unajua sana, tembeza wewe."

Mbele ya bibi yangu! Hata papasi, wale wanaokimbizana na watalii Forodhani, hawezi kumjibu mtu hivyo na mtu mzima amesimama pale.

Bibi akaegemea fimbo yake akasema taratibu: "Kiliisha kwa ndui, mwanangu." Na ndivyo. Muhammad alifariki 1865, akashika mwanawe Ahmed. 1873 ndui ikamchukua naye, hakuacha mtoto wa kiume, na hakutawazwa mwingine. Barghash ndiye aliyekuwa Sultani mjini, na sidhani kama alikosa usingizi kwa hilo.

Mama mmoja wa Kijerumani akaomba nimtafsirie. Bibi akapata nguvu, akaeleza habari za zile ngoma, kwamba wazee wakiamini zinalia zenyewe nchi ikiwa hatarini. Wageni wote wakamzunguka. Kijana wetu kaegemea ukuta anachezea simu. Pale nikaamua: nyota moja, na hiyo ni ya dereva.

Halafu, niseme haki, wakati wa kutoka ni yeye aliyerudi mbio kumshika bibi mkono kwenye mawe yaliyobomoka, hatua kwa hatua, anamwambia "pole pole, bibi, egemea hapa." Bahashishi nilipompa akaikataa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo Ahmed, umesema mwaka gani?" Nikamwambia. Nikalainika, nikasema basi, nyota tatu, kijana ni mdogo, pengine hakuna aliyemfundisha, na kampuni inayompa fulana yenye nembo bila kumpa hata karatasi moja ya kusoma ndiyo ya kulaumiwa.

Tumefika karibu na mjini, simu yake ikaita. Mteja wa kesho. Bibi alikuwa amesinzia begani kwangu, alhamdulillahi, hakusikia.

"Usijali, bosi. Asubuhi viungo, mchana nakupeleka jumba la Sultani."

Nyota moja. Ya dereva.