Valkey baada ya Desemba mbili: maoni ya fundi wa seva za tiketi

Ninatunza seva za mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, na haya ni maoni yangu kuhusu Valkey, programu ya kuhifadhi data iliyozaliwa kutokana na nyingine iitwayo Redis. Abiria akigusa kiti kwenye simu yake, kiti kile lazima kishikwe kwa dakika 10 ili alipe bila presha. Asipolipa, kijiachie chenyewe wapate wengine. Kazi hiyo kwa miaka niliiachia Redis. Inaweka data kwenye kumbukumbu badala ya diski, kwa hiyo inajibu papo hapo, na amri moja ya SET yenye NX (andika tu kama hakuna aliyetangulia) na EX 600 (futa baada ya sekunde 600) inamaliza habari: wa kwanza kugusa anapata, wa pili anaambiwa kimeshachukuliwa. Wiki ya kabla ya Krismasi, watu wa Moshi wanapopanda kwenda nyumbani, kiti kimoja hugombewa na watu kibao ndani ya sekunde moja. Hapo ndipo nilipoipenda.

Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ya Redis ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 leseni ya BSD, inayomruhusu yeyote kutumia na kubadili msimbo, inaondoka, na mahali pake zinakuja mbili za kuchagua, RSALv2 na SSPL. Nilizisoma zote mbili neno kwa neno. Ukweli usemwe: hazikunizuia kukata tiketi. Zililenga makampuni ya wingu yanayoiuza Redis kama huduma. Lakini mmoja wa wateja wetu ameandika kwenye mkataba kwamba programu zote zenye data zake ziwe na leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za programu huria, na SSPL haimo. Tena iliniuma. Sehemu ya msimbo ule iliandikwa na watu wa nje ya kampuni, wengine kwa saa zao za kulala, wakijua wanaandikia programu huria.

Siku 8 baada ya tangazo la Redis, Linux Foundation, shirika linalolea miradi ya programu huria, ikatangaza Valkey, iliyoanzia kwenye Redis 7.2.4. BSD inaruhusu hivyo: toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni ile linabaki nayo, yeyote anaweza kulichukua na kuliendeleza. Nyuma yake walisimama AWS, Google Cloud, Oracle, Ericsson na Snap, pamoja na baadhi ya watu waliokuwa wakiitunza Redis yenyewe.

Kuhama kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Saa nane usiku nilizima Redis 7.2, nikanakili faili la dump.rdb lenye data zake, nikawasha Valkey. Mlango wa mtandao (port) ni uleule, 6379. Amri ni zilezile. Kwenye msimbo wetu sikugusa hata mstari mmoja, na kabla dakika nne hazijaisha viti vilikuwa vinashikwa tena.

Seva moja ndiyo ilinitoa jasho. Tulikuwa tumeshaipandisha hadi Redis 7.4 bila kuangalia leseni, na faili lake la data ni la muundo namba 12, wakati Valkey niliyokuwa nayo ilikuwa inasoma hadi 11. Viti havikunisumbua, vinajiachia vyenyewe. Shida ilikuwa pointi za abiria wetu wa kudumu. Ilibidi niandike skripti ya kusoma funguo moja moja upande huu na kuziandika upande ule, na adhana ya alfajiri ikanikuta bado nahesabu. Kama uko 7.2, hama ukiwa hapohapo.

Desemba 2024 tuliingia na Valkey 8.0, ambayo imeboresha namna nyuzi (threads) kadhaa zinavyogawana kazi ya kupokea na kujibu maombi. Niliweka io-threads 4, yaani nyuzi nne. Desemba zote mbili, hakuna kiti kilichouzwa mara mbili.

Kasoro zipo. Mwanzoni maelezo ya matumizi yalikuwa machache, nikawa nasoma ya Redis na kukisia. Moduli, yaani vipande vya nyongeza, za JSON na utafutaji zilichelewa kufika. Kama mfumo wako umejengwa juu ya hizo, jaribu kwanza kwenye seva ya pembeni. Na kagua skripti zako za ulinzi, maana zangu ziliendelea kutafuta jina la zamani, redis-server, na kunitumia ujumbe wa hatari usiku kucha.

Mei 2025 Redis 8 ilitoka na AGPLv3 kama chaguo la tatu la leseni, na Salvatore Sanfilippo, aliyeianzisha mwaka 2009, alikuwa amesharudi. Nilifurahi kwa dhati. AGPL ni leseni huria kweli, na anayeanza leo anaweza kuichukua kwa moyo mweupe. Mimi sirudi. Leseni iliyo mikononi mwa kampuni moja imebadilika mara mbili ndani ya miezi 14, na mimi nataka kitu nisichohitaji kukisomea masharti upya kila ninapopandisha toleo. Valkey ni BSD, na mradi hauna kampuni moja inayoumiliki.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye maelezo ya matumizi. Seva yetu ya mwisho yenye Redis 7.2 ni ile ya ripoti za mhasibu. Nimepanga kuihamisha Jumapili hii, basi la mwisho likishatoka stendi ya Mbezi.