Uzoefu wangu: kuipandisha Guacamole kutoka 0.9.14 mpaka 1.5.5, terminali ndani ya brauza

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyeshafanya hii kazi akaielezea kwa Kiswahili sikumpata, na wikiendi nzima imeniishia kwenye seva moja, kwa hiyo bora na mwingine apate pa kuanzia.

Kwa asiyeijua, Apache Guacamole ni programu ya bure, unaiweka kwenye seva halafu mtu anafungua brauza yake ya kawaida anaingia kwenye mashine za mbali kwa SSH au telnet (njia za maandishi), VNC au RDP (njia za picha ya skrini) bila kusakinisha kitu chochote kwenye kompyuta yake. Sisi kazini tunaitumia karibu yote kwa terminali tu, yaani lile dirisha la kuandikia amri, SSH kwa sisi watu wa mifumo, na telnet kwa mfumo mmoja mkongwe wa stoo ambao hauna sura nyingine zaidi ya ile skrini ya herufi 80 kwa mistari 24.

Toleo tulilokuwa nalo ni 0.9.14, la Januari 2018. Lilifanya kazi, haki yake lazima nimpe, sikumbuki lini lilianguka lenyewe. Ila mashine lililokalia ilikuwa na mfumo endeshi ambao haupati tena apdeti za usalama, na hii ndiyo njia ambayo watu walioko nje wanapitia kuingia ndani kwenye seva zote, yaani ni mlango wa mbele kabisa halafu kitasa chake kimeoza. Kila nikisikia habari ya seva kuvamiwa nilikuwa naiwaza hiyo mashine kwanza. Nikaamua liwalo na liwe, naenda 1.5.5, ile ya Aprili 2024, kwenye mashine mpya yenye Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), ya zamani naiacha inawaka pembeni mpaka nijiridhishe. Hilo la kutogusa ya zamani ndilo lililonipa usingizi, maana watu wa stoo walikuwa wanaendelea na kazi huku mimi nahangaika upande wa pili.

Kabla sijaendelea, uelewe hii kitu siyo programu moja. Kuna guacd, huyu ndiye anayeongea SSH na telnet na ndani yake ndimo ilimo terminali yenyewe, anasikiliza kwenye porti 4822. Kuna faili la .war linalokaa kwenye Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java), hilo ndilo linaloonekana kwenye brauza. Halafu kuna ekstensheni, mafaili ya .jar, kwa mfano ile inayosoma watumiaji na koneksheni kutoka kwenye databesi. Na databesi yenyewe. Vyote hivi vinahama pamoja siku moja, na karibu kila kitu kilichonikwamisha kimetokana na mimi kudhani kimoja kinaweza kusubiri.

Nikaanza na guacd kwa sababu yeye unamjenga mwenyewe kutoka kwenye kodi. Unapiga ./configure, mistari inashuka weee, mwishoni inakuletea kajedwali ka protokali zipi zimekubali na zipi zimekataa. Hapo usipite haraka. Mimi nilipita, nikapiga make, nikapiga make install, nikafurahi, halafu nikarudi juu kusoma nikakuta SSH imeandikwa no. Telnet nayo no! Yaani nimejenga daraja lisilofika ng'ambo. Libssh2 nilikuwa nimeiweka, libtelnet nimeiweka, kilichokosekana ni libpango1.0-dev, yaani Pango, maktaba ya kuchorea herufi, na ukifikiria ina mantiki kwa sababu guacd ndiye anayechora herufi za terminali upande wa seva, sasa bila Pango atachoraje? Nikaiweka, nikarudia configure, safari hii nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikaona yes mbili ninazozitaka, ndipo nikajenga tena na kumalizia na ldconfig.

Sasa Tomcat. Hapa ndipo palipokula Jumamosi yangu. Debian 12 ukiomba Tomcat kwa apt, kisakinishi chake cha programu, unapewa ya 10, seva ya Tomcat 9 haimo tena kwenye hazina yao. Nikasema sawa, jipya si ndiyo zuri, nikaiweka, nikadondosha guacamole.war kwenye webapps, nikafungua brauza, 404, yaani ukurasa haupo. Nikapiga restat, 404. Nikabadilisha ruhusa za faili, nikabadilisha Java, nikarudisha Java, nikashusha war upya nikidhani imeharibika njiani, 404 ileile inanitazama. Saa mbili na kitu hivi zimekwenda ndipo nikafungua logi na kuisoma kwa utulivu badala ya kuitupia jicho, na katikati ya yale maandishi marefu kuna maneno javax/servlet kwamba hayaonekani.

Kumbe kuanzia Tomcat 10 majina ya ndani yamebadilishwa, kilichokuwa kinaitwa javax.servlet sasa kinaitwa jakarta.servlet, na programu iliyoandikwa kwa majina ya zamani ikifika pale ni kama mgeni anayeuliza mtu aliyehama mtaa. Guacamole 1.5.5 imeandikwa kwa majina ya zamani, ndiyo hivyo. Zipo njia mbili, ama uipitishe war kwenye zana ya kubadilisha majina (Tomcat 10 ina hata folda ya webapps-javaee inayofanya hiyo kazi yenyewe), ama ushushe Tomcat 9 moja kwa moja kutoka kwa Apache uiendeshe kivyake. Nilichagua Tomcat 9. Sikutaka kitu kilichofasiriwa juu ya mlango wa mbele, siku kikileta shida nitashindwa kujua kama kosa ni la Guacamole au la tafsiri. Gharama yake ni kwamba apdeti za hiyo Tomcat sasa ni juu yangu mwenyewe, apt haitanikumbusha, nimeshajiwekea ukumbusho wa kila mwezi kwenye kalenda.

Ilipowaka kwenye Tomcat 9 ukurasa wa kuingia ukaja kwa jaribio la kwanza tu. Nilisimama kwenye kiti jamani.

Databesi ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote na ndiyo iliyokwenda vizuri kuliko vyote, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Nilifanya mysqldump (nakala ya databesi nzima) kwenye mashine ya zamani, nikaimwaga kwenye MariaDB, databesi ya mashine mpya, halafu ndani ya kifurushi cha ekstensheni ya databesi kuna folda schema/upgrade yenye mafaili ya SQL yanayoanza na jina upgrade-pre, yale yenye namba kubwa kuliko toleo lako la zamani ndiyo unayaendesha, kwa mpangilio wa namba. Kwangu mimi muhimu lilikuwa upgrade-pre-1.0.0.sql, maana toleo la 1.0.0 la 2019 ndilo lililoleta makundi ya watumiaji na jedwali jipya la guacamole_entity, mpangilio wa zamani bila hilo faili hauelewani kabisa na programu mpya. Nikaliendesha, hakuna kosa hata moja. Watumiaji wote wamo, koneksheni zote zimo, na paswedi ni zilezile, hakuna mtu aliyeambiwa abadilishe.

Ila hapohapo nikajikwaa padogo. Nilikuwa nimekopi folda nzima ya /etc/guacamole kutoka mashine ya zamani, pamoja na ile .jar ya 0.9.14 ndani ya extensions. Ekstensheni inatakiwa iwe ya toleo linalolingana na programu, ya zamani inakataliwa na logi inasema wazi haiendani. Futa ya zamani, weka ya 1.5.5, usiziache mbili zikakaa pamoja, hakikisha na konekta ya MySQL ipo kwenye lib. Dakika kumi ikaisha.

Jumapili asubuhi nikaweka Nginx mbele kama proksi (inapokea maombi ya brauza kisha inayapeleka kwa Tomcat) kwa ajili ya HTTPS, nikaingia, nikafungua terminali ya SSH, nikaanza kuandika. Aisee. Naandika ls, hakuna kitu, kimya, halafu ls inatokea pamoja na matokeo yake yote kwa mpigo. Naandika amri ndefu, herufi zinakuja kwa mafungu, nne, kimya, saba, kimya, ukifuta unafuta gizani hujui umefika wapi. Nikawaza seva haina nguvu, nikafungua top, prosesa imelala usingizi. Nikawaza mtandao, ping safi kabisa. Nilipoondoa Nginx nikapita moja kwa moja porti 8080, mwepesi kama unaandika kwenye mashine uliyoikalia.

Basi nikafungua zana za wasanidi kwenye brauza, upande wa Network, nikaona koneksheni ya websocket-tunnel (WebSocket, njia inayobaki wazi data ipite pande zote mbili) imefeli na programu imerudi kwenye njia ya pili, ile ya HTTP ya kawaida. Guacamole ina ustaarabu huo, WebSocket ikikataa haikuachi ukakaa, inatumia HTTP. Tatizo ni kwamba Nginx kwa tabia yake inakusanya majibu kwanza ndiyo inayatuma, na kwa terminali hiyo ni sumu, maana kila herufi unayoiona imekwenda mpaka seva na kurudi. Dawa ni mistari michache tu: proxy_buffering off, proxy_http_version 1.1, halafu hedi za Upgrade na Connection zipitishwe kwenda nyuma. Nikaweka, nikapiga reload, websocket-tunnel ikajibu 101, yaani imekubali, na herufi zikaanza kutoka chini ya kidole. Kama kuna sehemu moja ya hii stori ninayotaka uondoke nayo ni hii, kwa sababu mtu anaweza akaipandisha vizuri kila kitu halafu akaichukia bure akidhani toleo jipya ni zito, kumbe ni mistari michache ya proksi.

Jumatatu nikawahamishia watu wa stoo. Nilikwenda mwenyewe kukaa na mama mmoja ambaye ndiye anayeutumia ule mfumo wa telnet kuliko wote, nikavuta kiti pembeni yake. Kwenye ubavu wa skrini yake pamebandikwa kikaratasi kimeshakuwa cha njano, kimeandikwa kwa kalamu "KUFUTA = Ctrl + H". Nikamuuliza, mama hii ni ya nini? Akaniambia mwanangu kile kitufe cha kufutia hakifuti, kinaandika uchafu, nilifundishwa hivi zamani ndiyo nimezoea. Akanionyesha, akabonyeza, kweli kwenye sehemu ya idadi pakatokea ^? mbili baada ya namba.

Nilinyamaza kidogo. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua, mimi ndiye mwenye mfumo na sikuwahi kukaa kwenye kile kiti. Kitufe cha kufutia Guacamole inakituma kama msimbo 127, ndiyo chaguo la kawaida, wakati ule mfumo mkongwe unasubiri msimbo 8. Kwenye 1.5.5 ukiingia kuhariri koneksheni ya telnet, sehemu ya tabia za terminali, kuna mahali pa kuchagua kitufe hicho kitume nini. Nikachagua Ctrl-H, nikahifadhi, nikamwambia mama toka uingie tena ujaribu. Akaandika namba, akafuta, akaandika, akafuta. Akanitazama akasema kumbe ilikuwa inawezekana. Kikaratasi alikibandua palepale mwenyewe, na mimi tangu siku hiyo nikibadilisha kitu napita kukaa kwenye viti vya watu.

Vitu vingine nilivyovipenda, kwa haraka. Makundi ya watumiaji yameniokoa, zamani kila mfanyakazi mpya nilikuwa natiki koneksheni moja moja. Vipindi vilivyorekodiwa sasa unaweza kuvitazama ndani ya brauza ukiweka ekstensheni yake, hicho kimekuja na 1.5.0. Kukopi na kupesti kunakwenda vizuri alimradi uko kwenye HTTPS, bila hivyo brauza inazuia ubao wa kunakili na inabidi ubonyeze Ctrl+Alt+Shift upitie kwenye menyu ya pembeni. Na scrollback, yaani mistari ya kurudi juu, chaguo la kawaida ni 1000, kwa anayesoma logi ndefu haitoshi hata kidogo, iongeze kwenye kila koneksheni.

Kinachoniudhi bado ni Ctrl+W. Mimi vidole vyangu vimezoea kufuta neno kwa Ctrl+W kwenye bash, na kwenye brauza hiyo inafunga tabu. Imeshanifungia tabu mara tatu katikati ya kazi. Hilo ni la brauza siyo la Guacamole, na terminali yoyote ya ndani ya brauza utakutana nalo, kwa hiyo kazi ndefu nazifanyia ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi kwenye seva hata ukikatika, ili tabu ikifungwa nirudi nilipoachia.

Ningeipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeipunguza kwa ajili ya Tomcat, kwa sababu mtu anayefuata njia ya kawaida ya apt anaangukia moja kwa moja kwenye lile shimo. Mashine ya zamani niliiacha wiki mbili, hakuna aliyeiulizia, jana nimeizima. Kinachofuata ni kuweka ekstensheni ya TOTP ili watu waingie kwa namba ya kwenye simu juu ya paswedi, .jar yake nimeshaishusha, ya 1.5.5 hiyohiyo, nimeangalia mara mbili.