Microsoft Defender kwenye kompyuta ya nyumbani: inapokinga, na inapokuacha

Niseme mapema: kwa kompyuta ya nyumbani, Microsoft Defender inayokuja ndani ya Windows 10 na 11 inatosha, na antivairasi ya kulipia sijaiona faida yake. Ila inatosha kwa masharti. Kuna vitu vinakuja vimezimwa, uviwashe. Kuna milango watu wanaifungua kwa mikono yao, uifunge. Na lazima iwepo diski ya nje yenye nakala, maana Defender inazuia tu. Kilichokwisha kuharibika hairejeshi. Naitumia hapa Unguja kwenye laptopu ya nyumbani, na ndiyo ninayosafishia kompyuta za jamaa wa Chake na Wete, kule Pemba. Mazingira yetu yanajulikana: intaneti ni bando la simu, umeme unakatika bila hodi, na flashi moja inapita mikono kumi.

Kabla ya yote, hakikisha Defender yenyewe ipo. Laptopu nyingi za mitumba zinauzwa zikiwa zimepigwa Windows iliyopunguzwa ili iwe nyepesi, na kinachopunguzwa kwanza ni Defender. Fungua "Windows Security". Ikifunguka tupu, au ikakwambia kuwa "IT administrator" amekuzuia wakati kompyuta ni yako mwenyewe, ujue kuna mtu au programu imeizima. Dawa yake ni kupiga Windows halali upya, usipoteze muda na kubahatisha.

Ikiwa ipo, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", uhakikishe "Real-time protection" na "Tamper Protection" zote zimewashwa. Halafu shuka mpaka "Exclusions". Hapa ndipo wengi hawaangalii, na mimi ndipo ninapoanzia kila nikipewa kompyuta ya mtu. Kraki za kuamsha Windows na Office bila leseni hujiandikisha humo ili zisiguswe. Wakati mwengine utakuta C:\ nzima imeandikwa. Maana yake Defender inaonesha alama ya kijani na haikagui kitu. Futa kila ambacho hukukiweka wewe. Baada ya hapo kagua, na usishangae likitokea jina kama HackTool:Win32/AutoKMS. Hiyo ndiyo kraki yenyewe. Fundi atakwambia hilo ni kosa la antivairasi. Pengine faili hiyo moja kweli haina madhara, lakini njia iliyoingilia ndiyo hiyohiyo wanayoingilia wakubwa zake.

Kitu cha pili kimezimwa tangu kiwandani: "Controlled folder access". Kipo ndani ya "Manage ransomware protection", chini ya ukurasa uleule. Ukikiwasha, programu isiyoaminika inakatazwa kuandika ndani ya Documents, Pictures, Videos na Music, kwa hiyo kirusi cha kufunga faili kinakwama kabla hakijafika kwenye picha za harusi. Kama fundi aliigawa diski na picha zako ziko D:, huko hakulindwi mpaka uongeze folda mwenyewe kwenye "Protected folders". Kero yake ni kuwa inazuia na wenye haki zao. Programu ya skana itasema imeshindwa kuhifadhi, nyengine itadai faili haipo, wala programu yenyewe haitakwambia kwamba aliyezuia ni Defender. Usiizime kwa hasira. Nenda "Allow an app through Controlled folder access", chagua "Recently blocked apps", uiruhusu hiyo programu moja. Nikishaziruhusu zile ninazozitumia kila siku, usumbufu unakwisha. Ujue tu kuwa ukiwa na antivairasi nyengine, Defender hujiweka pembeni na ulinzi huu haufanyi kazi.

Sasa bando. Ukiiwekea hotspoti ya simu "Metered connection" ili isile data, Windows inabana kushusha vitu, na orodha ya virusi ya Defender inaweza kubaki ya zamani bila wewe kujua. Fungua "Protection updates" uitazame tarehe, kisha ubofye "Check for updates" mwenyewe. Masasisho ya kila siku ni madogo, lakini kompyuta iliyokaa muda mrefu bila mtandao itataka orodha nzima. Kwa kompyuta isiyo na intaneti kabisa, kama za madrasa au skuli za shamba, shusha faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft, la biti 64 kama Windows yake ni ya biti 64, ulipeleke kwa flashi safi. Linazidi MB 100. Ukilibofya halioneshi kidirisha chochote, na watu hudhani limekataa; subiri kidogo kisha angalia tarehe.

Flashi ndiyo mtihani wetu mkubwa. Kwenye duka la kutoa kopi, kompyuta moja inapokea flashi za mji mzima. Unarudi nyumbani, unaifungua yako, unakuta ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe na kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Usiibofye mara mbili. Bofya kulia, chagua "Properties", usome mstari wa "Target". Badala ya njia ya folda utakuta cmd.exe au wscript.exe, ikifuatiwa na jina la faili linaloishia na .vbs au .js. Ukiibofya, folda zako zinafunguka kama kawaida, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Wakati huohuo ile skripti imeshajinakili kwenye AppData, folda iliyofichwa ya mtumiaji, na kujiweka iwe inaanza kila Windows inapowaka. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inaambukizwa.

Hili Defender inalimudu, ila kwa namna inayowatia watu hofu. Inafuta kishale na skripti, lakini haiziondolei faili zako alama za kufichwa ambazo kirusi kilizipachika. Flashi inaonekana tupu, na Defender inalaumiwa kwamba imekula kazi ya watu. Tazama nafasi iliyotumika: ikiwa haijapungua, faili zimo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike hivi, ukibadilisha F kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mara nyingi itajitokeza folda isiyo na jina, na vitu vyako vyote vimo ndani yake. Nakili unachokihitaji, fomati flashi, kisha kagua kompyuta. Jengine: "Full scan" kwa kawaida haiigusi flashi. Ibofye kulia mwenyewe uchague "Scan with Microsoft Defender". Kwenye Windows 11 pengine uanze na "Show more options". Mimi kuchapisha tu siku hizi natuma PDF kwa WhatsApp, flashi inabaki nyumbani.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)", ndani ya "Scan options". Kirusi kinachofutwa na kurudi kila ukiwasha kompyuta kina mwenzake anayekilinda Windows ikiwa hai. Ukaguzi huu unaiwasha kompyuta nje ya Windows, vyote vikiwa vimelala, na unachukua kama dakika 15. Chomeka chaji, betri iwe imejaa, umeme ukikatika isizimike katikati. Kompyuta ikijiwasha na kurudi moja kwa moja kwenye Windows bila kukagua, pengine sehemu ya kurekebishia Windows imezimwa: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info, na ukiona "Disabled" andika reagentc /enable, ujaribu tena. Matokeo yanakaa kwenye "Protection history".

Udhaifu upo. Kwenye laptopu yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, ukaguzi kamili unachukua saa nyingi na mashine inakuwa nzito, na ukifungua Task Manager utaiona "Antimalware Service Executable" ikijilia. Iache ikague usiku, basi.

Udhaifu mkubwa ni ule usio wa Defender peke yake. Kirusi kipya kinaweza kufika kabla ya orodha. Na viko visivyotaka fedha wala siri zako, vinataka kuharibu tu: CIH ya mwaka 1998 iliandika sifuri juu ya MB ya kwanza ya diski na kujaribu kufuta BIOS, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows; NotPetya ya Juni 2017 ilijifanya inadai fidia, kumbe hata aliyelipa faili zake hazikuweza kurudi. Hapo kinachofaa ni diski ya nje, na lazima iwe imechomolewa. Iliyochomekwa muda wote inafungwa pamoja na kompyuta.

Natumia diski za TB 1, zimefomatiwa NTFS, mbili kwa zamu. Moja inakaa kwa jamaa Pemba, maana moto au mwizi hawachagui. Kuhifadhi kwenyewe ni kwa "File History", iliyomo ndani ya Control Panel, kwa sababu inaweka matoleo ya zamani ya faili. Anayependa amri anaweza kutumia robocopy na /E /XO, lakini /MIR aiepuke: hiyo inaifananisha nakala na kompyuta, kwa hiyo kilichofutwa kwenye kompyuta kinafutwa na kwenye nakala. Ukinunua flashi au diski iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, ipime kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiamini. Za bandia zinaonesha ukubwa wa uongo, na baada ya GB chache zinaandika juu ya faili za mwanzo. Tena diski zako za nakala zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mzuri pamoja na vipakiti vya silika, khasa masika. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma cha viunganishi.

Yakishatokea? Zima Wi-Fi, chomoa diski zote za nje, zima kompyuta. Ukikuta faili zimeongezewa mkia wa ajabu na kila folda ina _readme.txt inayodai dola 980, au nusu yake ukiwahi ndani ya saa 72, hiyo ni familia ya STOP/Djvu, na kawaida yake inaletwa na kraki. Usilipe, na usifute faili zilizofungwa. Zinakili kando pamoja na ile _readme.txt. Angalia C:\SystemID\PersonalID.txt. Kitambulisho kinachoishia na t1 maana yake kirusi hakikuufikia mtandao wake kikatumia ufunguo wa jumla, na hapo programu ya bure ya Emsisoft inaweza kufungua kama ufunguo huo umeshapatikana. Kisichoishia hivyo, anayekuahidi kukufungulia anataka pesa yako tu. Kwa virusi vya familia nyengine, tovuti ya No More Ransom ina zana za bure.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Djvu inafunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili, basi. Faili dogo la Word linakwisha lote, lakini kaswida ya MP3 ukiondoa ule mkia wa jina mara nyingi inapiga, imepotea sekunde chache tu, na zip kubwa ikifunguliwa kwa 7-Zip inaweza kutoa faili zinazofuata baada ya ile ya kwanza.

Nywila zibadilishe kwa simu, si kwa kompyuta hiyo, ukianza na barua pepe. Virusi hivi mara nyingi vinafuatana na wezi wa nywila. Kisha piga Windows upya. Kwenye kompyuta nyengine iliyo safi, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa Media Creation Tool, na ujiandae na bando la GB kadhaa. Ichomeke kwenye kompyuta iliyoathirika, uiwashe kompyuta hiyo kutoka kwenye flashi kwa F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP. Hakikisha tena diski ya nje haimo, kwani hatua inayofuata ni kufuta sehemu zote za "Drive 0". Ikiulizwa namba ya leseni, chagua "I don't have a product key". Laptopu iliyokuja na Windows halali itajiamsha ikipata mtandao, mradi umechagua toleo lilelile, Home kwa Home. Ukitaka kuokoa faili kwanza na diski ikadai ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wenye tarakimu 48, utaupata kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Kama bado una Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ikikubali 11, hapa ndipo pa kuhamia.

Nakala usizirudishe siku ileile kwa pupa. Sasisha Windows na Defender mpaka mwisho, washa tena "Controlled folder access", ndipo uchomeke diski na kuikagua nzima. Rudisha picha na maandiko peke yake. Faili za .exe, hata za programu uzipendazo, ziache hukohuko uzishushe upya kwa wenyewe.