Uzoefu wangu: santuri ya kubuni iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu ya njozi

Santuri hii iliagizwa kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya filamu kwa oda. Kwenye hadithi ni rekodi ya kwaya ya mizimu inayopigwa ili lango lifunguke, kwa hiyo kamera inaikaribia mara tatu: ikiwa mkononi ndani ya jalada, ikizunguka juu ya pleya, na mwishoni ikivunjwa. Seti ilikuja na sahani mbili za kupigwa, moja ya kuvunjwa, majalada mawili na lebo za akiba. Sahani nazisifu bila kusita. Jalada linahitaji kazi ya ziada, na lebo ilikuwa na kasoro ambayo ingeharibu picha.

Karakana inatoa aina mbili za sahani: LP ya zamani (santuri halisi ya muziki, ile kubwa ya plastiki) iliyobandikwa lebo mpya, au duara la akriliki nyeusi. Chukua LP. Mifereji halisi hucheza na mwanga kwa namna yake: taa ikiwa juu, unaona pembetatu mbili angavu zinazokutana katikati, nazo hubaki palepale huku sahani ikizunguka chini yake. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu santuri huitambua santuri kwa mng'ao huo. Akriliki ni kama kioo, inaonyesha taa, dari na maikrofoni iliyoning'inizwa juu. Halafu haina mfereji wa kuongoza sindano, kwa hiyo mkono wa pleya unateleza tu na kila anayeangalia anajua hakuna kinachopigwa.

Ukiagiza LP, taja idadi ya nyimbo. Mapengo kati ya wimbo na wimbo yanaonekana wazi kwa kamera, na jalada likiorodhesha nyimbo tano upande wa kwanza huku sahani ikiwa na mikanda mitatu tu ya mifereji, watu watagundua. Hapa karakana walifanya vizuri: waliombwa mikanda mitano, wakaleta mitano. Walichokisahau ni namba za kiwandani zilizochongwa kwenye ukanda mtupu kando ya lebo, ambazo bado zinasomeka. Kuzipaka wino mweusi hakusaidii kwa sababu kinachoonekana ni kina cha mchongo, si rangi. Dawa ni kuhamisha taa mpaka ukanda ule uingie gizani.

Sasa lebo. Kipenyo chake ni milimita 100 na tundu la katikati ni milimita 7 na kidogo. Lebo ya asili ya LP haibanduki kirahisi, kwani hukandamizwa pamoja na plastiki ikiwa ya moto bila gundi yoyote, ndiyo maana mpya hubandikwa juu yake. Karakana walikata duara kwanza, wakatoboa tundu baadaye, na tundu likaenda pembeni kwa karibu milimita moja. Mezani huwezi kuliona kosa hilo. Kwenye pleya, kwa kasi ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sahani humaliza mzunguko kila sekunde 1.8, na lebo inayumba kila mara, kulia na kushoto, mpaka jicho linaacha kumtazama mwigizaji. Lebo za akiba ndizo zilizookoa kazi. Toboa tundu kwanza, kata duara ukipima kutoka kwenye tundu hilo, weka sahani kwenye pleya, kisha shusha lebo kupitia kijiti cha katikati na ukandamize kuanzia ndani kwenda nje. Omba karatasi isiyong'aa na chapa ya leza. Wino wa kawaida huvuja ukiguswa na kidole chenye jasho.

Kuna jambo la maandishi pia. Mwandiko wa kubuni wa dunia ya filamu ulichapwa vizuri sana, herufi kwa herufi, lakini pembeni wakaacha neno STEREO, na nyuma ya jalada msimbopau. LP zilianza kuuzwa 1948, za stereo zikafuata 1958, na msimbopau ulianza kusomwa madukani 1974. Ukiviacha vitu hivyo, dunia yako isiyo na kalenda inapewa mwaka. Mwambie mbunifu mapema aviondoe.

Jalada lenyewe lina upana wa sentimita 31.5, kadibodi ni imara, rangi zimekolea. Tatizo la kwanza ni mgongo: kadibodi ilikunjwa bila kupigwa mstari wa kukunjia, kwa hiyo chapa imepasuka na weupe unachungulia. Penseli ya rangi inaficha. La pili ni uchakavu. Walipiga msasa kila mahali kwa usawa, na jalada la kweli halichakai hivyo. Linaanza kwenye pembe na kwenye mdomo linapotolewa sahani, kisha unatokea mduara uliofifia wa sentimita 30 pale ukingo wa sahani unapolisugua kwa ndani. Msasa namba 400, ukisugua taratibu sahani ikiwa ndani, unatoa mduara huo wenyewe, tena mahali pake hasa.

Angalizo la joto: plastiki ya LP huanza kujikunja kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na taa kali zilizo karibu zinafika huko. Kati ya picha na picha irudishe kwenye jalada, isimame wima.

Sahani ya kuvunjwa inastahili sifa za pekee. LP ya kawaida hupinda kwanza, halafu hukatika na kuacha ncha zinazochana mkono, kwa hiyo haifai kupewa mwigizaji. Hii imemiminwa kwa resini inayovunjika kirahisi, ndani ya kalibu ya silikoni iliyochukuliwa kwenye LP halisi, na mifereji yote imenakiliwa; ukiiweka sambamba na ile ya kweli mng'ao unakaribiana sana. Nyuma imechorwa mistari mitatu ya kisu inayoamua itakatikia wapi. Tatizo ni lebo: karatasi nzima haikatiki pamoja na resini, vipande vinabaki vikining'inia. Ikate lebo kwa wembe kufuata mistari ileile kabla ya kubandika, na agiza sahani za aina hii zisizopungua nne, kwa sababu mara nyingi pigo la kwanza linavunja ukingo tu.