Indomie Mi Goreng, kwa ulimi wa Msurabaya aliyeolewa Mombasa

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Ukiiona Indomie Mi Goreng, tambi ya pakiti isiyo na mchuzi, iliyotoka Indonesia yenyewe, ile ya pakiti nyeupe yenye maandishi ya Kiindonesia, inunue hata kama bei inakuuma. Ukikosa, ile ya supu ya kuku iliyojaa madukani Kenya nzima ni nzuri pia, ila ni chakula kingine kabisa, na anayekuambia ni kitu kimoja hajala zote mbili.

Nasema haya kwa sababu naulizwa mno ni ipi ya kununua. Hapa Mombasa tambi yoyote ya pakiti watu huiita Indomie, na majirani wakishajua kwamba mimi, mama Aisyah, ni Mwindonesia, basi mimi ndiye mwenye mji. Nilizaliwa Surabaya, Jawa Mashariki, nikaolewa huku, na sasa Kiswahili ndicho ninachogombezea watoto na ndicho ninachopatania bei sokoni. Hii tambi nimeila tangu sijaanza shule. Kampuni ilianza kuiuza mwaka 1972 ikiwa ya supu, na hii kavu, Mi Goreng, ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwetu hakuna kizazi kilicho hai kisichoijua.

Fungua pakiti. Ndani mna bonge la tambi na vipakiti vitano: unga wa viungo, mafuta yaliyokolezwa vitunguu, sosi nyeusi tamu ya soya, pilipili ya unga, na vitunguu vya kukaanga. Wengi huku huvimwaga vyote sufuriani maji yakiwa yanatokota, kisha hula na mchuzi wake. Ukifanya hivyo na Mi Goreng umeiua. Bandika maji, tia tambi, hesabu dakika tatu. Wakati huo chukua sahani, kamulia juu yake mafuta, soya, viungo na pilipili. Soya ile ni nzito, inashuka polepole na kuacha mstari mweusi unaong'aa, na usipokikunja kipakiti vizuri nusu yake itabaki ndani. Chuja tambi, mwaga maji yote, kisha itupe sahanini ingali na moto na uikoroge haraka kwa uma mpaka kila uzi upate rangi ya kahawia. Vitunguu nyunyizia mwisho kabisa, vibaki vikavu vya kukwaruza meno. Harufu inayopanda hapo ni ya kitunguu na utamu wa soya kwa pamoja. Mtoto aliyekuwa chumbani amejifungia na simu utamwona jikoni bila kuitwa.

Ladha yake ni tamu, ya chumvi na yenye ukali kwa mbali, na utamu ndio unaotangulia. Huo ni ulimi wa Kijava. Sisi watu wa Jawa hutia sukari hata kwenye kitoweo cha nyama, na mavyaa yangu, Mungu amweke, alipoionja mara ya kwanza aliniuliza kama nimekosea chupa. Sasa huila na pilipili ya ukwaju, na kusema kweli amenifunza jambo, kwani ule uchachu unakata utamu vizuri sana. Yai la kukaanga juu yake, la kiini kibichi kidogo, ni lazima. Mchicha ukiwapo, uchovye katika yale maji ya tambi kabla hujayamwaga.

Kasoro zipo. Chumvi ni nyingi, na mwenye presha asiizoee. Pakiti moja ni gramu 85, haimshibishi mtu mzima aliyetoka kazini. Kwetu vijana hula mbili bila haya. Na ukimpa mtoto peke yake bila yai wala mboga, umempa ngano na mafuta basi.

Ngano na mafuta hayo ndiyo yanayonifanya nisiione tambi hii kama kitu kidogo. Indonesia hailimi ngano ya kutosha hata kuitaja. Sisi ni watu wa wali. Ngano ya msaada wa Marekani iliingia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960, kinu kikubwa cha Bogasari kikaanza kusaga pale Tanjung Priok, Jakarta, mwaka 1971, na mwaka uliofuata Indomie ikawa madukani. Leo nchi hula zaidi ya pakiti bilioni 14 za tambi za aina hii kwa mwaka, ya pili duniani baada ya Uchina, na ngano yote inakuja kwa meli, nyingi kutoka Australia, na kabla ya vita, nyingi kutoka Ukraine.

Kwa hiyo Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, familia yangu pande zote mbili za bahari iliguswa jikoni. Mwezi Agosti mwaka huo waziri wa kilimo wa Indonesia alitamka kwamba bei ya tambi inaweza kupanda mara tatu. Nyumbani watu walishtuka kuliko ambavyo wangeshtuka kuambiwa petroli inapanda. Waziri wa biashara akatoka kuwatuliza, na kweli mara tatu haikufika. Lakini mwezi Juni rais wetu wa wakati huo, Joko Widodo, alikuwa ameshakwenda Kyiv, kisha Moscow, na moja ya aliyoyazungumza huko ni nafaka zipate njia ya kutoka bandarini. Wakosoaji wake walisema ni safari ya kupigia picha. Mimi naona rais wa nchi inayokula ngano ya watu ana kila sababu ya kubisha hodi kwenye milango hiyo miwili, na ningependa marais wengi zaidi wa huku kwetu Afrika, tunaokula chapati na mandazi ya ngano hiyohiyo, wangebisha mapema kama yeye.

Mafuta yalikuwa hadithi chungu zaidi. Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, na mwanzoni mwa 2022 mama yangu alipanga foleni Surabaya kutafuta mafuta ya kukaangia. Serikali iliweka bei ya rupia 14,000 kwa lita, na papo hapo mafuta yakapotea madukani. Akinipigia simu alikuwa ananitajia maduka aliyoyapitia, moja baada ya jingine, na mwishowe anapata lita mbili kwa sababu ndizo walizoruhusu kwa kila mtu. Mashamba ya michikichi ya Sumatra na Kalimantan hayana mwisho ukiyatazama kutoka kwenye ndege. Misitu iliondolewa ili yapandwe, na mama anapanga foleni. Hasira ile sijaimaliza. Tarehe 28 Aprili serikali ikafunga kabisa kuuza mawese nje, ikafungua tena tarehe 23 Mei. Huku Mombasa, ambako viwanda vinasafisha mawese hayohayo, lita ya mafuta ya kupikia ilikuwa imepita shilingi 300, na jirani yangu anayekaanga viazi karai jioni alinitazama kana kwamba nimeifunga bandari mimi. Nilimweleza habari za mama yangu na foleni zake. Alinyamaza, kisha akanifungia viazi na kukataa pesa.

Sasa turudi sahanini. Wanaoidharau tambi hii kuwa chakula cha mvivu ningependa wawaone wanaoipika kwetu. Kila mji wa Jawa una vibanda vinavyokesha, benchi moja, jiko la gesi, Indomie imepangwa ukutani, na wenye vibanda wengi wametoka wilaya moja, Kuningan, Jawa Magharibi. Mwanafunzi mwenye pesa ya mwisho anakaa hapo, dereva wa bodaboda anakaa hapo, na kwenye Ramadhani watu hujazana kula daku. Wanawake wetu walio kazini Hong Kong na Saudia huibeba kwenye masanduku. Na ladha zake zilitungwa na watu, si mashine: Nunuk Nuraini, mama aliyefanya kazi karibu miaka 30 Indofood, kampuni inayotengeneza Indomie, akibuni ladha zake nyingi, alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 59, na Waindonesia waliotawanyika duniani walimlilia mtandaoni kama mtu wa nyumbani mwao. Nami nilimlilia. Mtu aliyekulisha toka utotoni ni haki yake kuliliwa.

Hii ya supu inayotengenezwa hapahapa Kenya inafaa siku ya mvua na mgonjwa wa mafua. Viungo vyake ni vya upole, utamu hakuna, na watoto wangu waliozaliwa Mombasa huipenda kuliko yangu. Sibishani nao. Ninachoshauri ni kutoitumia ukitaka Mi Goreng, maana hata ukimwaga maji yake na kuitia soya ya dukani haitafika. Soya ya Kichina ina chumvi tupu, ya kwetu ni nzito na tamu.

Kwa bei, jueni mtalanguliwa. Nyumbani pakiti ni rupia 3,000 na kitu, huku nimeshaiuziwa kwa mara nne ya hapo na zaidi. Kuna duka moja la mtandaoni liliniletea katoni iliyobakiza wiki chache kuharibika, na nilipolalamika wakanijibu kwamba tambi kavu haiozi. Tambi labda haiozi, ila mafuta ya kipakiti yanachacha, na yakichacha unasikia ladha kama ya njugu za zamani kooni. Basi kabla hujalipa tazama tarehe nyuma ya pakiti. Kisha ibonyeze kidogo kwa vidole: kipakiti cha soya kiwe laini na kiteleze ndani. Kikiwa kigumu au pakiti ina ungaunga wa tambi zilizovunjika, imekaa juani, irudishe. Alama ya halali ya Indonesia iwepo, na kama muuzaji anakubali kufungua katoni mbele yako, chukua katoni nzima mgawane na jirani, maana mzigo ukiisha unaweza kungoja miezi mpaka mwingine uingie.