Ziara ya siku moja Mwanza: wapi pa kukaa, wapi pa kupita, na sato wa kuagiza

Ziara ya kutembezwa ya siku moja jijini Mwanza huuzwa karibu kwa sura ileile: Jiwe la Bismarck, Kisiwa cha Saanane, Makumbusho ya Bujora, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na samaki aina ya sato (tilapia) jioni. Vituo vyote vinafaa. Kinachoharibu siku ni mpangilio. Waongozaji wengi huanza na kilicho karibu na hoteli, wakapiga picha Bismarck, wakazunguka mjini, wakafika Saanane saa 6 mchana wakati miamba inaunguza na wanyama wamejificha. Bujora, yenye mambo mengi kuliko vituo vingine vyote, inabakiziwa nusu saa ya jioni. Mwombe mwongozaji apange hivi: Saanane asubuhi, Bujora mchana, Kamanga (kilipo kivuko) na Bismarck jioni, kisha chakula. Soko la Kirumba liondoe kabisa katika siku hiyo, ulipeleke asubuhi ya siku ya kuondoka. Kwa pesa ileile utaona mara mbili zaidi.

Kabla ya kukubali bei, uliza inajumuisha nini. Gharama ya siku ina vipande vitano: kiingilio cha hifadhi, nauli ya boti, gari, ujira wa mwongozaji, na chakula. Vifurushi vya bei ya chini mara nyingi huacha nje kiingilio na boti, na mgeni anagundua akiwa getini. Boti nayo uliza: je, nauli ni ya kichwa au ya boti nzima? Mkiwa wawili tu, jibu hilo linabadilisha hesabu yote.

Saanane ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji. Jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lote ni kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yamehesabiwa pia, kwa hiyo anayekwenda akitarajia Serengeti ndogo atarudi amenuna. Kinachofaa kufuatwa pale ni miamba na viumbe wanaoishi juu yake. Pimbi hutoka kuota jua asubuhi na kulala makundi makundi kwenye mawe. Mijusi wa miamba wa Mwanza, madume yenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi na mwili wa buluu, hupanda mahali pa juu kabisa na kutikisa kichwa. Swala pala huonekana kwenye majani, na ndege wa maji ukingoni. Miamba yenyewe ni matale (graniti) yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe yanayoonekana kama yamepangwa moja juu ya jingine hayakupangwa na mtu wala hayakuviringika kutoka mlimani. Mwamba mzima ulipasuka kwa mistari, maji yakaula kupitia nyufa ukiwa bado chini ya ardhi, kisha udongo ukaondoka na vipande vikabaki vimesimama. Mwongozaji asiyeweza kukueleza hilo mbele ya jiwe lenyewe hajajiandaa.

Boti huondokea kwenye ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point, na safari ni ya dakika chache. Kuwa pale saa 2 asubuhi. Malipo ya hifadhi za taifa hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo na unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo weka salio mapema, maana mtandao ukisuasua foleni nzima inasimama. Raia wa Tanzania achukue kitambulisho, kwani viwango vya raia na vya mgeni vinatofautiana sana na bila kitambulisho unaweza kukosa cha kuonyesha. Saa mbili kisiwani zinatosha. Vaa viatu vya mpira vinavyoshika. Kandambili huteleza kwenye jiwe lililosuguliwa na nyayo, hasa likipata maji. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu, na kofia. Usikubali kupanda boti bila jaketi okozi lenye kamba zinazofungika. Sababu ya kuwahi si joto pekee: asubuhi ziwa hutulia, na kuanzia mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi yakaanza kurusha maji ndani ya boti ndogo.

Hapa niseme jambo ambalo vipeperushi vya utalii huliruka. Usiingize miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ukingoni, hata kama watoto wanaogelea hapohapo. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho huishi kwenye mimea hiyo, na vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila maumivu. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kama umeshaingia majini, pima baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima mapema mno huenda kipimo kisione kitu. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri ikitolewa kwa wakati.

Kutoka Capri Point hadi Bujora ni kuvuka jiji zima na kufuata barabara ya Musoma, kama kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji. Asiye na gari la ziara apande daladala ya Kisesa, kisha bodaboda hadi makumbusho. Msongamano huwa Buzuruga na Igoma, ongeza muda. Igoma ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Ukitaka kusimama kwenye makaburi mwambie mwongozaji mapema, na simu ikae mfukoni.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Katika vituo vyote vya ziara, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, saa mbili na nusu kwa uchache. Kuna nyumba ya mganga na vifaa vyake, kazi ya mhunzi, jengo la watemi (machifu wa Kisukuma) lenye umbo la kiti cha enzi, ngoma za kitemi, na kanisa la mviringo lililopambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma. Vitu ni vingi kuliko maelezo ya ukutani, na ndiyo maana kupita peke yako ni kupoteza kiingilio. Mchukue mwongozaji wa palepale hata kama umekuja na wako wa mjini. Wa mjini anajua barabara; wa Bujora anajua ngoma hii ilikuwa ya utemi upi na ilipigwa lini.

Muulize habari za Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijivunia ufundi na dawa zake. Mashindano yao hayakuwa na jopo la majaji: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na kile kinachovuta watu wengi upande wake ndicho mshindi. Ukishaelewa hivyo unaelewa kwa nini mchezaji wa Kisukuma anaingia uwanjani na chatu shingoni. Anawavuta watu watoke kwa mpinzani. Omba pia uonyeshwe kifaa cha mbao cha kuzungusha, chenye maneno tofauti ya kuhesabu moja hadi kumi ambayo kila rika lilikuwa na yake. Wengi hupita pembeni yake bila kujua ni nini.

Ngoma za kuchezewa wageni, kama bugobogobo ya majembe, haziko katika kiingilio. Zinahitaji taarifa angalau siku moja kabla ili wachezaji wakusanyike, na bei hupatanwa kwa kikundi kizima. Kwa mtu mmoja ni ghali. Kwa watu wanane na kuendelea inaleta maana. Anayeweza kuchagua tarehe aje Juni, msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, unaoanzia sikukuu ya Ekaristi, aone mashindano yenyewe badala ya onyesho.

Mchana kula Kisesa kwa mama lishe, chakula chepesi, kwa sababu sato anakusubiri. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga na kuliwa na ugali, ni mlo ambao hoteli nyingi za mjini hazina. Ukiona michembe na matobolwa sokoni, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, matobolwa vilichemshwa kwanza. Chagua vipande vinavyovunjika kwa mlio. Vinavyopinda vina unyevu na vitaota ukungu kwenye begi.

Rudi mjini kabla ya saa 11 jioni, uende Kamanga. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la chansela wa Ujerumani enzi za ukoloni, ni kituo cha dakika kumi na tano. Ni zuri, lakini hakuna cha kufanya zaidi ya kulitazama. Liko upande wa magharibi wa ufuko, kwa hiyo asubuhi mwanga unalipiga usoni na picha inaonyesha rangi ya mawe, na jioni jua likiwa nyuma unapata kivuli cheusi juu ya maji ya dhahabu. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam na jua huzama karibu nusu saa baadaye, kwa hiyo saa 12 jioni bado kuna mwanga wa kutosha. Kama una saa moja na ushee, fanya jambo ambalo halimo kwenye kifurushi chochote: panda kivuko cha Kamanga kwa nauli ya kawaida ya abiria, vuka kwa takriban nusu saa, rudi na kinachofuata. Hakuna safari ya ziwani ya bei nafuu kuliko hiyo, na Bismarck ikionekana kutoka majini, na vilima vya Mwanza nyuma yake, inapendeza kuliko ukiwa nchi kavu. Hakikisha tu kwamba kuna kivuko cha kurudi kabla hujavuka.

Kifurushi kinachokuahidi kisiwa cha Ukerewe pamoja na hayo yote kwa siku moja kikatae. Meli hadi Nansio, bandari ya kisiwa hicho, hutumia kama saa tatu kwenda peke yake.

Sasa sato. Sehemu nzuri ya kula si lazima iwe na vitambaa mezani. Iwe na samaki wanaoonekana na moto unaouona. Chagua mwenyewe. Macho yawe maangavu yaliyotuna, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi juu. Samaki mwenye macho yaliyozama na matamvua ya kahawia amelala kwenye barafu siku kadhaa, na akiingia kwenye mafuta atamegeka. Sato mdogo kuliko sentimita 25 hatakiwi hata kuvuliwa, na ana miba kuliko nyama. Siku hizi kuna sato wa ziwa na sato wa vizimba, yaani wa kufugwa. Wa ziwa ana nyama iliyokaza, mkaange. Wa vizimba ana mafuta zaidi, anafaa jiko la mkaa. Sangara usimwagize mzima, agiza kipande cha mchuzi au cha kuchoma.

Patana bei kabla samaki hajapakwa chumvi, na uliza kama ugali na kachumbari vimo. Kisha tazama anavyochanjwa: mikato mitatu kila upande, mpaka mfupa. Bila mikato hiyo ngozi inakauka huku nyama ya uti wa mgongo ikibaki mbichi. Chumvi na ndimu vikae robo saa. Kukaanga sato wa nusu kilo ni dakika 12 hadi 15 kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Mafuta yasipopata moto samaki anayanywa, na utayasikia mdomoni. Kuchoma ni dakika 30 hadi 40, anawekwa moto ukishakuwa makaa matupu, na hageuzwi mapema, maana ngozi itabaki kwenye wavu. Akiletwa, ingiza uma nyuma ya kichwa. Nyama ikiachia mfupa na kuwa nyeupe, kula. Ikiwa bado ina rangi ya kioo, rudisha jikoni bila aibu. Kwa sababu ya muda huo, agiza kwanza ndipo uende kutazama Bismarck, kama mnakula maeneo ya Kamanga.

Asubuhi ya kuondoka ndipo uende Mwaloni Kirumba kwa dagaa. Tatizo la dagaa ni mchanga. Waliokaushwa juu ya chanja au nyavu ni wasafi na wanang'aa kama fedha. Walioanikwa chini wana vumbi, na ukitafuna mmoja meno yanakwambia. Onja kabla ya kupima. Wasiwe laini, wakiwa laini hawajakauka na watanuka njiani. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa usiku, kwa hiyo siku za mbalamwezi shehena hupungua na bei hupanda. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko wa kitambaa hauzuii harufu kwenye basi la saa nyingi. Nunua ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, tandika gazeti chini, jaza, funga, na uiweke buti, si juu ya kiti.