Laptopu ya mtumba Kariakoo: ipi ununue uweke Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo Kariakoo kuna laptopu kibao ambazo mwili wake ni mzima, ila mfumo wake umepitwa. Muuzaji atakwambia, "Hiyo fundi anaipiga Windows 11 sasa hivi." Anaweza, kwa kuruka masharti, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho. Weka Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows: ni bure, ni halali, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029.

1. HP EliteBook 840 G3. Ni ya kizazi cha sita, imejaa madukani, na chaji, betri na kibodi zake hazikusumbui kuzipata. Ina nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukianza na GB 4 leo, utaongeza ukipata hela. Hakikisha tu ina SSD, ile diski ya kasi.

Stika usiiamini. Juzi nilimsindikiza mdogo wangu, tukaonyeshwa moja iliyobandikwa "8th Gen". Nikachomeka flashi yangu, mashine ikasoma i5-6300U. Kwa prosesa za Intel za hadi kizazi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya sita, na bei tuliyotajiwa ilikuwa ya kizazi cha nane. Hatukuelewana, tukahamia duka la pili.

Nawe nenda na flashi ya GB 8 yenye Mint. Kwenye HP bonyeza F9 inapowaka, Dell na ThinkPad ni F12. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Hapohapo kaunta unganisha hotspoti ya simu, piga muziki, fungua kamera, bonyeza kila herufi. Kisha fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `upower -d`. Itakuonyesha betri imebakiza asilimia ngapi ya uwezo wake wa kiwandani. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

2. Lenovo ThinkPad T480. Nyingi ni za kizazi cha nane, zina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo umeme ukikatika unabadilisha ya nje bila kuzima. Kinachoishusha ni bei. Ila kama kazi yako inadai Photoshop au QuickBooks ya kwenye kompyuta, chukua hii, maana hizo hazina toleo la Linux. Utaweka mifumo yote miwili, Windows 11 na Linux.

3. MacBook Air ya 2017. Inapendeza, lakini RAM imechomelewa na Wi-Fi yake inadai draiva. Andaa waya wa USB uvute intaneti kwenye simu.

4. Chromebook. Nyingi za mtumba zina hifadhi ya GB 16 au 32 tu, na kuziwekea mfumo mwingine ni kazi ya kukesha. Mzazi, usimnunulie mwanachuo.

LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word, ila majedwali yanaweza kuhama. CV itume kwa PDF.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, kwa Kiswahili tangu 2004, na bado mafundi wetu wengi wanajua kupiga Windows pekee. Mimi naamini programu huria itafika mezani kwetu siku fundi wa Kariakoo atakapoipiga Mint bila kuombwa. Ukishalipia mashine yako, mwonyeshe inavyowaka, na kama una flashi ya pili, mwachie.